Balbu ya Saa Elfu Ishirini na Tano

Mimi ni fundi umeme, na kabla hujaniuliza, ndiyo, mimi ndiye niliyeifunga ile balbu. Langvika nzima, kijiji chetu hiki cha kaskazini, inajua, hakuna haja ya watu kunong'ona nikiingia dukani. Miaka arobaini na miwili nimevuta waya katika nyumba za pwani hii. Nimestaafu na magoti mabovu na mtoto wa jicho katika jicho la kulia, na sijawahi kuunguza nyumba ya mtu. Haya, sasa nisikilize nikueleze habari za Målfrid.

Målfrid ana miaka themanini na minne. Nyumba yake iko ng'ambo ya ghuba, inatazamana na dirisha letu la jikoni. Ukikata maji ni mita mia na hamsini tu, lakini kwa barabara inayozunguka ghuba ni kilomita mbili na ushee. Alizaliwa katika nyumba hiyo hiyo, ndani ya kile chumba cha kando ya jiko alimolala maisha yake yote. Alikata minofu ya samaki kiwandani miaka thelathini, mpaka vidole vikajikunja vikagoma kunyooka. Mumewe Anton alikufa kitini, redio ikitoa utabiri wa hali ya hewa. Målfrid alisubiri utabiri uishe, akazima redio, ndipo akanipigia simu. Ndivyo alivyo, hana papara na hataki kubembelezwa.

Mtoto wao ni mmoja, Torgunn, mwalimu mkuu huko mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari na feri. Si mtu mbaya Torgunn. Ila ana hofu, na hofu yake huigeuza amri. Alimnunulia mama yake kile kitufe cha kuvaa shingoni, kwamba ukianguka unabonyeza na watu wanakuja. Målfrid alikivaa siku moja. Siku ya pili mke wangu Hjørdis alikikuta shingoni mwa kondoo dume wetu.

"Kengele ni za kondoo," Målfrid akasema nilipomrudishia. "Mimi bado sijapotea mlimani."

Ndipo tukapatana, yeye na mimi. Taa yake ya jikoni iwe imewaka ifikapo saa moja asubuhi, izimwe saa nne usiku anapokwenda kulala. Kiangazi, jua lisipotua, tunatumia pazia. Ikifika saa mbili asubuhi na dirisha bado ni giza, napiga simu. Asipopokea, nampigia Torgunn, naye anawaita watu wa ambulensi. Mambo yakaenda hivyo miaka tisa bila shida, kwa balbu za zamani za uzi, ambazo Målfrid alikuwa amezirundika sandukuni kule ghalani chini ya sakafu kabla hazijaondolewa madukani. Sanduku likaisha. Nikampelekea balbu ya LED.

"Hii itadumu, Målfrid. Saa elfu kumi na tano, imeandikwa hapa kwenye boksi."

"Nani amezihesabu?"

"Wamezihesabu kiwandani."

"Kuna mtu alikaa akaitazama saa elfu kumi na tano?"

"Hapana bwana, wanaijaribu kwa muda, halafu wanakadiria."

"Ahaa. Wanakadiria," akasema. "Kama daktari alivyomkadiria Anton."

Nilicheka. Ningejua nisingecheka. Balbu ile haikumaliza miezi mitano. Na nikuambie ukweli wa kifundi, maana watu wanazilaumu hizi balbu bila kujua. Ile taa yenyewe haifi upesi. Kinachokufa ni vidude vilivyojazwa kwenye kitako chake, na kinachoviua ni joto. Målfrid alikuwa na bakuli la kioo limeifunika taa yake pande zote, zawadi ya harusi, na mimi fundi mzima nikaifungia balbu mle ndani kama mkate kwenye oveni. Lilikuwa kosa langu la kwanza.

Ilikufa Januari, asubuhi. Målfrid alikuwa ameiwasha vizuri saa kumi na mbili na nusu, akateremka chini ya sakafu kuchukua viazi, kisha akaenda kwenye kibanda cha kuni. Taa ikafa mgongoni mwake. Saa mbili mimi naona giza. Napiga simu, hapokei. Masikio yake mazito, na simu iko mfukoni mwa koti lililotundikwa. Nikampigia Torgunn. Målfrid alipotoka kibandani na ndoo yake aliwakuta wanaume wawili mlangoni na machela.

"Mnamtafuta nani?" akawauliza.

Nikamfungia nyingine, na bakuli lile lile nikalirudisha kwa sababu alilitaka. Hiyo ilikufa Oktoba. Safari hii alikuwa chooni, na mlango wa mbele ulivunjwa. Sitaeleza zaidi, yeye mwenyewe hulieleza vizuri kuliko mimi, au alikuwa akilieleza. Torgunn alikuja mbio kutoka mjini, akafika jioni macho mekundu, na kabla hajaondoka alinisimamisha uani.

"Eilert, nimechoka kuendesha gari saa tatu nikimlilia mtu aliye hai. Unanielewa? Chumba kipo katika makao ya wazee, nimeshamwandikisha. Ikitokea mara ya tatu, namchukua. Nimemwambia na yeye."

"Na kama ni balbu tena?"

"Kwani tofauti yake mimi nitaijuaje nikiwa barabarani?"

Nilimtazama Målfrid dirishani, amesimama chini ya taa iliyokufa, mikono imeshika meza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona mtu yule ameogopa.

Nikang'oa bakuli, akanikubalia bila neno. Nikamletea balbu ya maana, ile ya kioo kinachoonyesha ndani, yenye vijiti vya manjano, bei yake sitaitaja mbele ya Hjørdis. Saa elfu ishirini na tano. Målfrid akachukua kalamu ya risasi, akaandika tarehe kwenye kitako cha balbu, akapiga hesabu pembezoni mwa gazeti.

"Miaka minne na nusu," akasema. "Nitakuwa nakaribia themanini na tisa."

"Itakuzika hii."

"Sitaki inizike, Fundi. Nataka initunzie nyumba yangu."

Basi usiombe. Kuanzia siku hiyo yule mama akawa mtumwa wa balbu. Alikuwa akinipigia simu kila asubuhi baada ya kahawa. Fundi, leo imechelewa kuwaka, nimehesabu mpaka mbili. Fundi, ukiikodolea sana inatetemeka. Fundi, ni sawa kuifuta vumbi, au vumbi linaisaidia? Hakwenda tena kibandani bila kugeuka nyuma mara tatu kutazama dirisha lake. Viazi alivileta juu vyote siku moja, gunia zima, akaviweka jikoni, ili asishuke chini taa ikamfia nyuma. Mwanamke aliyesubiri utabiri uishe! Hjørdis alinitazama kwa lile jicho lake.

"Umemtisha."

"Mimi? Aliyemtisha ni bintiye."

"Nyote wawili mmemtisha. Na balbu yenu."

Wiki ya mwisho ya Novemba, jua lilipokuwa limeshatuaga mpaka Januari, akanipigia na malalamiko mapya.

"Fundi, taa yako haizimi."

"Haizimi vipi?"

"Nabonyeza swichi, inazimika, lakini ndani inabaki na kamoto. Kadogo. Nikilala naiona kupitia mlangoni."

Nilikwenda kutazama, na hata kabla sijavua viatu nilishajua. Nyumba za huku, nyingi, waya zote mbili zinazoingia zina moto. Nyutro, ule waya usio na moto, hamna. Na zile swichi za zamani zinakata waya mmoja tu. Balbu za uzi zilikuwa na njaa kubwa, kijimoto kinachopenya zilikuwa hata hazikihisi. Lakini hizi za LED zinaridhika na tone. Umeizima, nayo imekaa inalamba lamba kutoka upande wa pili, inang'aa hafifu kama kaa la jiko lililosahauliwa. Kila fundi wa nchi hii anajua. Dawa yake ni swichi ya kukata waya zote mbili, kazi ya robo saa.

"Haina neno," nikamwambia. "Haina hatari. Jumamosi nakuletea swichi."

"Ila haiipunguzii maisha?"

"Haiipunguzii."

"Basi iache iwake," akasema. "Nikiamka usiku naiona, najua haijafa."

Jumamosi theluji ilianguka, na goti lilikuwa linanipiga. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mpira. Swichi ilikuwa kwenye droo, chini ya betri na bisibisi. Nilikuwa nikiiona kila nikitafuta miwani.

Jumanne moja, katikati ya Desemba, niliamka saa moja kasorobo. Nje theluji ilikuwa ikimwagwa kwa upepo, hata mwisho wa uzio wetu ulikuwa ukionekana na kupotea. Nikasimama dirishani na kikombe. Ng'ambo ya ghuba nikaona nukta ya manjano mahali pake. Nikashukuru, nikakaa.

Hjørdis akaja nyuma yangu na mkate na jibini ya kahawia.

"Mbona hafifu?" akauliza.

"Theluji hiyo. Na jicho langu."

"Mimi jicho langu zima, na naiona hafifu."

"Taa inawaka, mama. Inawaka, basi ameamka."

Akaweka sahani mezani kwa kishindo kidogo. Saa mbili ikapita. Nilisoma gazeti, lakini nilikuwa nasoma mstari ule ule. Saa mbili na nusu nikagundua kwamba Målfrid hajanipigia simu. Kahawa yake humalizika saa mbili kamili. Nikampigia mimi. Ikaita ikaita. Haya, koti, mfuko, masikio. Si mara ya kwanza. Nikapiga tena.

"Nenda," akasema Hjørdis.

"Barabara haijafunguliwa. Trekta la theluji bado."

"Basi mpigie Torgunn."

"Nimpigie nimwambie nini? Taa inawaka! Nikimpigia leo na Målfrid yumo kibandani anapasua kuni zake, kesho yupo makao ya wazee, na mimi ndiye niliyemtia humo. Unalitaka hilo?"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Eilert."

Nilimfokea, nakiri. Mtu akikuambia kile unachojiambia mwenyewe ndipo unapomfokea. Nikatoa darubini. Dirisha lile likawa linarukaruka mbele yangu, mara lipo, mara halipo. Niliiona balbu. Niliviona vijiti vyake vya ndani, kabisa, vya manjano. Taa unayoweza kuiona mpaka vijiti, nikajiambia, taa hiyo si inawaka? Sasa wasiwasi wa nini? Lakini roho ilikuwa juu juu.

Saa tatu na nusu upepo ukatulia, theluji ikakatika ghafla. Bado giza, ila giza safi. Nikaweka darubini machoni tena, na safari hii sikuitazama balbu. Nilitazama chini ya dirisha. Taa ya jikoni kwa Målfrid ikiwaka, huanguka nje juu ya theluji kama mkeka mrefu wa njano mpaka kwenye kibanda cha kuni. Mkeka haukuwepo. Theluji chini ya dirisha ilikuwa nyeusi tii. Na nikakumbuka kwamba balbu inayowaka sawasawa huwezi kuviona vijiti vyake, inakuumiza macho. Nilikuwa nimeviona vijiti kwa sababu taa ilikuwa imezimwa.

Tangu saa moja nilikuwa nimeitazama taa iliyozimwa.

"Ita ambulensi!" nikamwambia Hjørdis, na koti nikalivalia nje. Gari lilikwama kwenye rundo la theluji kabla sijafika nusu ya ghuba. Nikaliacha mlango wazi, nikatembea. Nasema nikatembea, lakini goti lile, na theluji mpaka magotini, nilikuwa naogelea. Nilikuwa naongea peke yangu njia nzima. Swichi, swichi, nikisema, robo saa tu, we mpumbavu, robo saa.

Alikuwa sakafuni kati ya meza na mlango wa chumba chake, kalalia ubavu, mguu umepinda vibaya. Kando yake gunia la viazi limeanguka, viazi vimetapakaa kila mahali. Jiko la kuni lilikuwa limezimika zamani. Alikuwa amejivutia zulia dogo la jikoni akajifunika mabega. Midomo ya bluu. Macho wazi.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Nimekuja, Målfrid. Usijisogeze." Nikavua koti nikamfunika, nikaleta mablanketi yote ya kitandani. "Umeanguka saa ngapi?"

"Nilizima taa nikalale. Nikakanyaga kiazi." Alikuwa anavuta pumzi kati ya neno na neno. "Nikajua, saa moja Eilert ataona giza. Nilisubiri ifike saa moja. Halafu nikageuka nikaiona hiyo." Hakuweza kuinyanyua mikono, alionyesha kwa macho. Juu yetu balbu ilikuwa inang'aa kile king'ao chake cha kipumbavu. "Nikajua unaiona. Nikajua umekaa na kahawa yako umeridhika. Nimeiomba izime, Fundi. Nimeiomba kama kanisani. Hiyo haifi."

Nilikaa sakafuni nikamshika mkono, ule uliojikunja, baridi kama samaki.

"Sikiliza sasa," akasema. "Kabla hawajafika. Washa taa."

"Ya nini?"

"Washa! Useme nimeanguka asubuhi hii. Nimeamka, nimewasha taa, nimewasha jiko likazimika, nikaanguka, wewe ukaja hapo hapo. Nyonga hupona. Hata Torgunn mwenyewe alivunja mguu kwenye mchezo wa theluji, hakuna aliyemfunga makao. Lakini akisikia usiku kucha, sakafuni, peke yangu..." Akanibana vidole. Nguvu alizitoa wapi sijui. "Unanidai nini tena wewe? Wewe ndiye unayedaiwa. Niachie nyumba yangu."

Nikainuka, nikabonyeza swichi. Mwanga ukajaa jikoni, mweupe, mkali, viazi vyote vikatokeza na vivuli vyao. Nikakusanya vijiti vya kuni nikavitia kwenye jiko, nikawasha moto. Nilifanya yote hayo, na niliyafanya kwa moyo mmoja, na niliposikia gari la ambulensi nyuma ya trekta la theluji nilikuwa nimeshalipanga neno langu: amewasha taa, akaanguka, nikaja hapo hapo.

Waliingia wawili, mwanamke mmoja na kijana wa kiume. Yule mwanamke akapiga magoti, akampima Målfrid mapigo, akambana ngozi ya mkono, akaangalia mapaja na kiuno upande aliolalia. Akanyanyua uso akanitazama.

"Amelala hapa tangu saa ngapi?"

"Asubuhi hii," Målfrid akasema haraka.

"Bibi, subiri kidogo." Hakuniondolea macho. "Ni muhimu nijue. Akiwa amelala muda mfupi, namtibu nyonga na baridi. Akiwa amelala muda mrefu, misuli aliyoilalia inaanza kufa na sumu yake inakwenda kwenye figo, na inabidi nianze dawa hapa hapa, sasa hivi, na helikopta ije. Nikikosea, figo zinaweza kusimama. Wewe ndiye uliyemkuta. Tangu saa ngapi?"

Målfrid alikuwa ananitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata na mke wangu. Moto ulikuwa ndiyo kwanza unashika kuni.

"Tangu jana," nikasema. "Saa nne usiku. Taa nimeiwasha mimi sasa hivi."

Yule mwanamke akageukia mfuko wake, akaanza kuamuru maji ya mshipa na simu ya helikopta. Målfrid hakulia wala hakunitukana. Aligeuza uso upande wa jiko, na walipomwinua kwenye machela bado alikuwa ameugeuza.

Figo zilipona. Daktari alimwambia Torgunn kwamba dawa ilianza kwa wakati, na Torgunn alinikumbatia akinilowesha kola kwa machozi, akinishukuru. Nyonga nayo imeunga. Målfrid yuko kwenye makao ya wazee tangu Februari, chumba namba tisa, na nyumba imepangishwa kwa watu wa kutoka kusini. Nimekwenda kumwona mara sita. Kila mara muuguzi huingia kwanza kumwuliza, halafu hurudi na kuniambia kwa upole kwamba amelala. Huwa ni saa tano asubuhi. Nami husema haya, nitakuja Alhamisi.